Viza ya Haraka: Siku Hupotelea Wapi

Mwenye safari ya wiki mbili zijazo huuliza swali moja tu: viza hutoka baada ya siku ngapi? Jibu analolikuta kwenye tovuti ya ubalozi, siku 15 au wiki 3, linampotosha bila kusema uongo. Hesabu ile huanza siku ombi lilipopokelewa likiwa kamili na huishia siku uamuzi ulipotolewa. Haigusi siku za kusubiri miadi, wala siku tatu barua ya mwajiri iliposubiri sahihi ya mkuu wa idara aliye likizo, wala siku pasipoti ilipokuwa ndani ya bahasha ikirudi kutoka mji mwingine. Chukua kalenda uzipange siku zote hizo. Mara nyingi utaona kwamba afisa alikaa na faili muda mfupi kuliko faili lilivyokaa likisubiri kitu.

Kwa hiyo hapa hakuna siri ya kumharakisha afisa wa viza. Siku zinazookoleka ziko upande wa mwombaji: kabla ya kuwasilisha, na katika kuhakikisha ombi halirudishwi hata mara moja.

Kwanza, je, ni viza hiyo unayohitaji?

Njia fupi kuliko zote ni kutoomba kabisa, au kuomba kitu chepesi zaidi. Ruhusa za kuingia nchi za watu ziko za aina nyingi: kuna kuingia bila viza, viza inayotolewa uwanjani unapofika, idhini ya kusafiri ya kielektroniki, viza ya mtandaoni, na ile ya stika inayobandikwa kwenye pasipoti. Stika ndiyo inayokula wiki. Nyingine huisha kwa dakika au siku chache. Vietnam, kwa mfano, hutoa viza ya mtandaoni ya hadi siku 90, na muda wake wa kawaida wa kushughulikia ni siku 3 za kazi. India hutaka ombi la viza ya mtandaoni ya utalii liwe limeingia angalau siku 4 kabla ya kufika. Kama safari ni mkutano wa watu watano kutoka nchi tano, kuhamisha mkutano ni rahisi kuliko kuhamisha ratiba ya ubalozi.

Angalia pia ulicho nacho tayari. Viza hai ya Marekani, ya Uingereza au ya eneo la Schengen (nchi za Ulaya zinazotumia viza moja ya matembezi) hufungua milango ambayo wengi hawaijui. Meksiko humruhusu mwenye viza hai ya Marekani, Kanada, Japani, Uingereza au Schengen kuingia kwa matembezi bila viza ya Meksiko. Uturuki huwapa raia wa baadhi ya nchi viza ya mtandaoni kwa sharti la kuwa na viza hai ya namna hiyo. Masharti haya hutofautiana kwa uraia, kwa hiyo yasome kwa jina la pasipoti yako, si kwa simulizi ya mwenzako mwenye pasipoti nyingine.

Kisha ipo njia ya ndege. Hapa ndipo watu hupoteza safari wakiwa na viza sahihi ya nchi wanakokwenda. Marekani haina eneo la kuunganisha ndege bila kupita uhamiaji: ukitua pale saa mbili tu ukielekea nchi nyingine, bado unahitaji viza au idhini ya mtandaoni. Nchi za Schengen kwa kawaida hukuacha ukae ndani ya uwanja bila viza, lakini kuna orodha ya pamoja ya nchi 12 ambazo raia wake huhitaji viza ya kupita uwanjani, na baadhi ya nchi wanachama huongeza nyingine juu yake. Mtego mbaya zaidi ni wa viwanja viwili: ukitua Paris, ukapanda ndege ya Frankfurt, na Frankfurt ndipo unapotoka kwenda nje ya Schengen, basi Paris umekwisha kuingia Schengen. Viza ya kupita uwanjani haikutoshi tena. Tiketi mbili zilizonunuliwa mbalimbali nazo huleta balaa lake, maana huenda ukalazimika kuchukua mzigo na kuupeleka upya kaunta, jambo linalomaanisha kuvuka uhamiaji. Kubadilisha uwanja wa kuunganishia ndege kunaweza kukuondolea ombi zima la viza, na huchukua dakika kumi kwenye tovuti ya shirika la ndege.

Pasipoti na sindano

Kabla ya kujaza fomu yoyote, fungua pasipoti. Nchi nyingi hutaka iwe na uhai wa miezi 6. Schengen hutaka iwe hai angalau miezi 3 baada ya tarehe ya kutoka katika eneo lao, iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, na iwe na angalau kurasa 2 tupu. Sharti la miaka 10 huwashangaza wenye pasipoti zilizoongezewa muda: tarehe ya mwisho inaonekana nzuri, kumbe tarehe ya kutolewa imeshapita mpaka.

Kama pasipoti inakaribia kuisha, ibadilishe kabla ya kuomba. Nambari hubadilika, na viza ya mtandaoni hufungwa kwenye nambari. Ukiomba kwa pasipoti ya zamani ukasafiri na mpya, umeomba bure. Baadhi ya nchi huwapa wasafiri wa mara kwa mara pasipoti ya pili inayotumika sambamba na ya kwanza. Kama nchi yako ni mojawapo, hiyo ni dawa ya kudumu kwa mtu ambaye pasipoti yake huwa imelala ubalozini kila mwezi.

Jambo la pili halina uhusiano na ubalozi, lakini lina kalenda yake isiyosikia dua: cheti cha homa ya manjano. Cheti huanza kufanya kazi siku 10 baada ya chanjo. Nchi ikikidai na wewe umechanjwa siku ya 6 kabla ya kufika, una karatasi isiyo na nguvu. Tangu Julai 2016 cheti hudumu maisha yote ya aliyechanjwa, kwa hiyo cha zamani kilicho kabatini bado kinafaa, kitafute kwanza.

Kuhesabu kutoka mwisho

Anza na saa ya ndege, urudi nyuma. Pasipoti iwe mkononi siku mbili za kazi kabla ya kuondoka, ili kosa kwenye stika lipate pa kurekebishwa. Toa siku za usafirishaji kutoka ubalozini hadi kituo cha kupokea maombi. Toa muda wa uamuzi. Toa siku za kusubiri miadi. Kinachobaki ndicho muda wa kukusanya nyaraka. Kikitoka hasi, unajua leo kwamba tarehe ya ndege lazima isogee au njia ibadilike, badala ya kujua siku ya mwisho.

Chukua huduma ya haraka ya Uingereza kwa mgeni wa matembezi, ambayo huahidi uamuzi ndani ya siku 5 za kazi badala ya wiki 3 za kawaida. Saa huanza baada ya kutoa alama za vidole, si siku ya kulipa. Ukitoa alama Jumanne tarehe 3, siku ya kwanza ni Jumatano tarehe 4, na ya tano ni Jumanne tarehe 10. Uamuzi ukitoka jioni na pasipoti ikiwa mikononi mwao, husafirishwa, na huenda ukaipata Alhamisi au Ijumaa. Siku 5 zimekuwa 10. Ikiwepo sikukuu katikati, ongeza moja. Balozi nyingi hufunga katika sikukuu za nchi yake na pia za nchi ilipo, kwa hiyo zifungue kalenda zote mbili.

Schengen huhesabu siku za kalenda. Sheria yao inatoa siku 15 tangu ombi kukubaliwa kuwa kamili, na ubalozi unaweza kuzirefusha hadi 45 pale uchunguzi zaidi unapohitajika. Dirisha la kuomba hufunguka miezi 6 kabla ya safari na kwa kawaida hufungwa siku 15 kabla, ingawa ubalozi una ruhusa ya kupokea ombi lililochelewa kwa dharura yenye ushahidi. Kuna jambo moja la ndani linaloeleza kwa nini afisa mwenye huruma bado hawezi kukupa viza kesho: kwa raia wa baadhi ya nchi, nchi nyingine wanachama zina haki ya kuulizwa kwanza, na zina siku 7 za kalenda za kujibu. Kama uraia wako umo, usipange chini ya hapo, hata ukiwa na barua kutoka kwa nani.

Miadi ndiyo foleni yenyewe

Katika miezi ya likizo, miadi huweza kuwa mbali kuliko uamuzi. Nafasi mpya hufunguliwa kwa mafungu, na nafasi za walioghairi hurudi moja moja. Kwa hiyo kuangalia mara moja kwa siku hakutoshi. Angalia asubuhi mapema kwa saa za ubalozi, mchana, na usiku unapobadilika tarehe, ukijenga mazoea kwa siku tatu hadi uone mafungu huja lini. Usiufungue ukurasa kila sekunde. Mifumo mingi humfungia anayefanya hivyo kwa saa kadhaa, na kufungiwa siku yenye nafasi ni uchungu wa kujitakia.

Wauzaji wa nafasi waache. Wengine huchukua miadi kwa jina la kubuni na kuahidi kulibadilisha, na jina lisipolingana na pasipoti unarudishwa mlangoni. Ile huduma ya ukumbi wa heshima inayouzwa kwenye vituo vya maombi nayo ieleweke ilivyo: unanunua kiti laini, kahawa na mtu wa kukupangia karatasi. Wakati mwingine ina kalenda yake ya miadi iliyo wazi zaidi, na hapo ina thamani halisi. Lakini faili likishafika ubalozini hukaa foleni moja na mengine.

Kwa Schengen, unaomba kwenye nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, na kama siku zinalingana, nchi utakayoingilia kwanza. Hii ina nafasi ya halali ya kujinasua. Kama ratiba yako ni siku 4 nchi moja na siku 4 nyingine, na ya kwanza haina miadi hadi mwezi ujao, hamisha usiku mmoja kwenda ya pili, lala huko kweli, kisha omba huko. Kinachoharibu ni kuhamisha kwenye karatasi tu. Ukikamatwa na viza ya nchi usiyoikanyaga, inaweza kufutwa mpakani, na rekodi hubaki.

Jingine linalookoa siku: alama za vidole. Kwenye mfumo wa viza wa Schengen hutumika tena kwa miezi 59, na Kanada huzitunza miaka 10. Kama ulishazitoa, jaza tarehe yake kwenye fomu. Baadhi ya balozi humruhusu mwombaji kama huyo kupeleka ombi kupitia mwakilishi, bila kusubiri nafasi ya kufika mwenyewe.

Marekani ina utaratibu wa miadi ya dharura ambao wengi hukosea mpangilio wake. Jaza fomu ya DS-160, lipa ada, chukua miadi ya kawaida iliyo karibu zaidi hata kama ni ya mwaka ujao, ndipo mfumo ukuruhusu kuomba isogezwe. Usiighairi ile ya kawaida kabla ya kuthibitishiwa mpya. Sababu zinazosikilizwa ni za aina chache: kifo au ugonjwa mkubwa wa ndugu wa karibu, matibabu yako mwenyewe, masomo yanayokaribia kuanza, na shughuli ya kibiashara isiyotabirika. Harusi, mahafali, kumsaidia ndugu mjamzito, mkutano wa kila mwaka wa taaluma na utalii wa ghafla havikubaliwi, na hilo limeandikwa wazi kwenye kurasa za balozi zao. Usilipambe ombi. Afisa akigundua dirishani kwamba sababu ya dharura si ya kweli, hilo huingia kwenye kumbukumbu na kukuumiza hata kwenye maombi yajayo.

Barua ya dharura iwe fupi. Mistari sita inatosha: nani anasafiri, tarehe ambayo haiwezi kusogezwa, kwa nini haiwezi, kwa nini haikujulikana mapema, na ushahidi gani umeambatishwa. Kwa msiba, ambatisha barua ya wanaoshughulikia mazishi yenye jina la marehemu, tarehe na namba ya simu. Kwa matibabu, barua ya daktari inayotaja ugonjwa na tarehe ya kulazwa, pamoja na ya hospitali inayopokea. Karatasi isiyo na simu ya kupigwa haiwezi kuthibitishwa, na isiyothibitishwa huwekwa kando.

Faili lisilorudishwa

Kusanya kwa mpangilio wa nani anakuchelewesha. Siku ya kwanza, asubuhi, tuma maombi ya vitu vilivyo mikononi mwa wengine: barua ya mwajiri, taarifa ya akaunti yenye mhuri wa benki, barua ya mwaliko, cheti cha ndoa au cha kuzaliwa kilicho kwa ndugu, tafsiri. Vitu vilivyo mikononi mwako, yaani fomu, picha, bima na ratiba, vitamalizika jioni moja wakati ukisubiri. Wengi hufanya kinyume. Hutumia siku tatu kwenye fomu, halafu ndipo wakakumbuka kwamba benki hutoa taarifa yenye mhuri baada ya siku mbili.

Barua ya mwajiri irudi sahihi mara ya kwanza. Mwandikie wewe rasimu: cheo, tarehe ya kuanza kazi, mshahara, tarehe za likizo iliyoidhinishwa, nani analipia safari, pamoja na jina, cheo, simu na sahihi ya anayeandika. Barua isiyotaja tarehe za likizo haisemi kwamba una kazi ya kurudia. Aliyejiajiri apeleke usajili wa biashara na kumbukumbu za kodi badala yake.

Taarifa ya benki huombwa ya miezi 3 kwa balozi nyingi za Schengen, na kwa Uingereza miezi 6 ni mazoea ya salama. Iwe ya karibuni. Afisa haangalii salio peke yake. Anatazama kama mapato unayotaja kwenye fomu ndiyo yanayoonekana yakiingia. Fungu kubwa lililotua wiki moja kabla ya ombi huzua swali, na swali ni kuchelewa. Kama ni pesa halali, kwa mfano umeuza gari, weka mkataba wa mauzo nyuma ya taarifa na mstari mmoja wa maelezo. Kama ni ya kuazima ili salio lipendeze, irudishe. Salio dogo lenye mfadhili wa wazi hueleweka kuliko salio kubwa lisilo na historia.

Fomu hukosewa kwenye herufi. Jaza jina kama lilivyo kwenye mistari miwili ya chini ya ukurasa wa picha wa pasipoti, ile yenye alama za mshale, kila mmoja ukiwa na nafasi 44. Mashine husoma hiyo, si jina unaloitwa kazini. Nambari ya pasipoti iangalie herufi kwa herufi: O na sifuri, I na moja. Tarehe nazo zina mtego, maana fomu moja hutaka siku kabla ya mwezi na nyingine mwezi kabla ya siku. 04/07 ikigeuka, umeomba viza ya miezi mitatu kando. Kukataliwa kwa zamani kutaje. Nchi nyingi hubadilishana taarifa, na kukataliwa kulikotajwa ni jambo la kueleza, wakati kulikofichwa huitwa udanganyifu.

DS-160 hukufungia baada ya dakika 20 za kukaa kimya, kwa hiyo andika namba ya ombi mwanzoni na uhifadhi kila ukurasa. Namba ya uthibitisho wa fomu lazima ilingane na ile iliyo kwenye miadi. Ukijaza fomu upya ukasahau kuibadilisha kule, unaweza kurudishwa siku ya mahojiano.

Picha inaonekana jambo dogo hadi mfumo uikatae usiku wa manane. Schengen hutumia milimita 35 kwa 45. Marekani hutumia inchi 2 kwa 2, bila miwani tangu Novemba 2016, na ya kupakia iwe ya mraba, pikseli 600 hadi 1200 kila upande, faili lisizidi kilobaiti 240. Kila mfumo una kipimo chake cha uzito wa mafaili. Skani ukurasa wa pasipoti ukiwa bapa, pembe zote nne zionekane, mwanga wa balbu usifute mistari ile ya chini. Skani iliyofifia ni miongoni mwa sababu za kawaida za viza ya mtandaoni kurudishwa, na kila kurudishwa huanzisha hesabu upya.

Bima ya Schengen iwe na kinga isiyopungua euro 30,000, itumike katika nchi zote wanachama, na ifunike kila siku ya kukaa, ya kwanza na ya mwisho zikiwemo. Watu hukosea siku ya mwisho kwa sababu ndege ya usiku hutua kesho yake. Tiketi usinunue isiyorejeshwa pesa kabla ya viza. Nafasi iliyoshikwa inatosha kwa balozi nyingi, mradi iwe ya kweli na iwe hai afisa anapoikagua. Nafasi za bandia zinazouzwa mtandaoni hukaguliwa kwa sekunde chache, na zikionekana hazipo, faili zima hupoteza imani.

Nyaraka za lugha nyingine zitafsiriwe mapema. Uingereza, kwa mfano, hutaka tafsiri iwe na kauli ya mfasiri kwamba ni sahihi, tarehe, jina lake kamili, sahihi na mawasiliano. Kwa mtoto anayesafiri na mzazi mmoja, ridhaa ya maandishi ya mzazi wa pili ndiyo karatasi inayokosekana mara nyingi, na ndiyo ngumu kupatikana kwa haraka.

Unapolipia haraka

Huduma ya haraka hununua mahali kwenye foleni. Hainunui jibu la ndiyo. Uingereza hutoza pauni 500 juu ya ada kwa siku 5 za kazi, na pauni 1,000 kwa uamuzi unaotoka kufikia mwisho wa siku ya kazi inayofuata pale huduma hiyo inapopatikana. Ukikataliwa, hurudishiwi. Na faili lenye maswali, kama safari nyingi zisizoelezeka au jina linalofanana na la mtu anayetafutwa, hutolewa kwenye njia ya haraka bila kukuuliza. Kwa hiyo pesa hiyo ina maana kwa mwenye faili safi tu. Mwenye faili lenye utata hulipia kukataliwa mapema. Ubalozi wa Marekani hauuzi huduma kama hii dirishani: baada ya mahojiano, ombi linaweza kuingia ukaguzi wa kiutawala usio na tarehe ya kuisha, na hakuna ada ya kuutoa humo.

Kadi ya benki nayo huangusha watu. Siku moja kabla ya kulipa, pandisha kikomo cha malipo ya mtandaoni na uhakikishe namba ya simu inayopokea msimbo wa uthibitisho iko hewani. Malipo yakikwama katikati, usilipe tena papo hapo; subiri jibu la mfumo, la sivyo utakuwa na maombi mawili yanayopingana.

Tovuti za viza za mtandaoni zina waigaji. Matokeo ya kwanza ya utafutaji mara nyingi ni matangazo ya mawakala wenye nembo za kufanana na serikali. Baadhi si wezi kabisa: huchukua taarifa zako, huziandika upya kwenye tovuti halisi, na kukutoza mara tatu ya ada halisi. Hasara kwa mwenye haraka ni siku moja au mbili zilizopotea katikati, na makosa ya mkono wa mtu mwingine. Fika kwenye tovuti kupitia ukurasa wa wizara ya mambo ya nje au idara ya uhamiaji ya nchi husika, usitokee kwenye utafutaji.

Baada ya kuwasilisha

Kazi yako ni moja: jibu unachoulizwa siku ileile. Angalia sanduku la barua taka asubuhi na jioni, maana ombi la nyaraka za ziada huja kwa barua pepe ya mfumo isiyo na jina la mtu. Usitume barua za kuulizia kila siku. Usitume nyaraka ambazo hukuombwa. Kila karatasi mpya ni ya kusomwa. Kuomba pasipoti irudishwe katikati, kwa sababu umepata safari nyingine, kwa balozi nyingi ni sawa na kuliondoa ombi. Uliza kwanza kama kuna utaratibu wa kuiazima.

Ukikataliwa, soma sababu zilizotiwa alama kwenye barua. Rufaa ni haki, lakini ni ya polepole, na safari yako haitaisubiri. Kwa mwenye ratiba finyu, ombi jipya lililorekebisha sababu ileile hufika mapema zaidi. Ombi jipya lenye nyaraka zilezile hukataliwa kwa kasi ya ajabu.

Ukipata, isome stika ukiwa bado kaunta. Jina, nambari ya pasipoti, tarehe ya kuanza na kuisha. Kwenye stika ya Schengen kuna idadi ya siku za kukaa, ambayo si sawa na muda wa viza: unaweza kuwa na viza ya siku 25 yenye ruhusa ya kukaa siku 10. Mahali pa idadi ya kuingia, 01 ni mara moja na MULT ni mara nyingi. Mwenye 01 anayepanga kutoka kwenda London kwa siku mbili kisha arudi Paris hataingia tena.

Viza ya mtandaoni ichapishe karatasi mbili na uangalie milango ya kuingilia iliyoruhusiwa. India na Vietnam huzikubali viza hizo kwenye viwanja na vituo vilivyotajwa tu, na tiketi ya bei nzuri ya kuingia kwa basi mpakani huweza kukuacha upande usio wako. Wa kwanza kukukagua atakuwa karani wa shirika la ndege mwenye orodha ya Timatic, yaani kumbukumbu ya masharti ya kuingia kila nchi, kwenye skrini, akilinganisha uraia, njia na karatasi zako. Yeye hana mamlaka ya kukupa viza, lakini anayo ya kukuacha chini. Mfikie saa tatu kabla ya ndege, ukiwa na uchapisho wa kanuni ya ubalozi kwa kesi yako kama ni ya kipekee, ili apate muda wa kumpigia msimamizi wake kabla kaunta haijafungwa.